Fundi wa Breki za Nyuma

Sikumsikia hata siku moja akiliita gari kwa jina la kiwanda chake. Kwake magari yalikuwa ya aina mbili: yanayoshika na yasiyoshika. Ukiingia kwenye uwanja wake pale Bwera, juu kidogo ya barabara inayoteremka kwenda Mpondwe, mpakani mwa Kongo, hakuuliza umetoka wapi wala una shida gani. Alizunguka nyuma ya gari, akachuchumaa huku akiguna, akasogeza mgongo wa mkono karibu na gurudumu la kushoto, kisha la kulia, halafu akatoa hukumu.

"Hii inashika."

Au, kwa sauti ya chini zaidi: "Hii haishiki kabisa. Umetoka nayo Kasese? Mungu anakupenda kuliko bibi yako."

Bwera yote ilimwita Fundi, kana kwamba hapakuwa na mafundi wengine. Madereva wa malori walimwita Afande, kwa sababu aliwahi kuendesha malori ya jeshi na amri zilikuwa hazijamtoka mdomoni. Mimi nilimwita Mzee. Nilimfahamu kwa miaka tisa, au niseme kwa vipande vya miaka tisa, maana mimi si mtu wa kukaa mahali. Nimeuza chumvi Katwe, nimepakia saruji Juba, nimekaa Goma bila kazi inayoeleweka, na Kasese nimerudi mara nyingi kuliko nilivyoondoka, kama hilo linawezekana. Kila nilipoondoka, gari langu nililiacha kwake. Kila niliporudi, breki za nyuma zilikuwa zimekamata.

Ningeweza kuliacha jambo hilo hapo, nikasema ni kutu. Lakini kwa ajili ya breki hizo mwanamke mmoja aliyefanya kazi kwa Fundi alifukuzwa, na maneno yaliyosababisha afukuzwe yalianzia kinywani mwangu. Kwa miaka mingi sikujua kama tulimwonea. Kuna wakati nilidhani mkosaji ni Fundi mwenyewe, tena kwa makusudi. Kuna wakati nilidhani ni mvua tu. Ninamwandika Fundi nikiwa bado sijamwelewa vizuri, na sina hakika kama nitamwelewa nikifika mwisho wa karatasi.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, la kijivu. Nililinunua kwa mwalimu aliyekuwa akihamia Mbarara, na lilikuwa limezeeka kabla sijalipata. Nyuma lilikuwa na breki za diski, na waya wa breki ya mkono uliingia moja kwa moja kwenye kalipa, kile chuma kizito kinachobana diski kwa pedi mbili ili gurudumu lisimame. Kalipa za namna hiyo zina ugonjwa wake. Ukivuta breki ya mkono ukaliacha gari wiki mbili kwenye mvua, pistoni inakwama ndani, waya unagoma kurudi, pedi zinagandana na diski. Siku ya kuondoka unawasha, unatia gia, na gari linachuchumaa nyuma kama mbuzi anayeburutwa kwa kamba. Ukililazimisha, baada ya kilomita chache unasikia harufu ya kitu kinachoungua, unafikiri ni mtu anayechoma takataka kando ya njia. Kumbe ni wewe.

Mafundi wengi hawakutaka kuhangaika na kalipa za nyuma. Waliikunja paipu ya mafuta ya breki wakaigonga kwa nyundo, au wakaiziba kwa boliti, ukaondoka na breki za mbele peke yake. "Za nyuma si muhimu," walikuambia. Kwa milima ile! Fundi aliwachukia watu hao kuliko alivyowachukia wezi. Mchungaji mmoja wa Nyakiyumbu aliwahi kumletea gari lililozibwa hivyo, akamwomba amtengenezee taa tu. Fundi aliinama chini ya gari, akainuka, akazima redio.

"Pasta, nani alikufungia hii paipu?"

"Kijana fulani kule Kasese. Lakini gari inasimama vizuri, Fundi. Mimi naendesha polepole, na kabla ya safari naomba."

"Endelea kuomba. Lakini Mungu iko na kazi mingi. Wacha funguo."

Mchungaji alirudi nyumbani kwa bodaboda. Gari lake alilipata siku ya nne, likiwa na breki nne, na taa Fundi alikuwa amezisahau.

Hakuwa mtu wa nyundo. Kalipa iliyokwama aliing'oa, akailaza kwenye beseni la dizeli mpaka kesho yake, na mwenye gari akilalamika alimwambia kwamba hata mgonjwa hulazwa. Kesho yake alizitoa zile pini mbili ambazo kalipa hutelezea, akazisugua kwa msasa mpaka zikang'aa kama vijiko vya harusi, akazipaka grisi kidogo sana, kidogo mpaka ungedhani ana choyo. Kisha ilikuja pistoni. Pistoni ya mbele husukumwa ikaingia. Ya nyuma, kwenye magari yenye waya ndani ya kalipa, haisukumwi. Inazungushwa kama parafujo, taratibu, huku ukiiegemea. Wasiojua huibana kwa nguvu mpaka kitu kinavunjika ndani, na hapo ndipo husema gari limelogwa. Fundi alikuwa na kifaa alichojitengenezea kwa spana kuukuu, akachomelea meno mawili kwenye ncha. Hakumwazima mtu. Alipokuwa akizungusha alifumba macho na ncha ya ulimi ilichungulia nje. Ukimsemesha alipaza sauti:

"Kimya! Inaongea."

Lakini yeye mwenyewe hakunyamaza. Akitoa hewa kwenye mafuta ya breki aliimba nyimbo za kanisani kwa Lhukonzo, lugha ya kwao, zote kwa mwendo mmoja wa gwaride. Alikuwa na uvumilivu usio na mwisho kwa pistoni, na kwa binadamu hakuwa nao hata wa kujaza kizibo cha soda. Chai yake aliinywa baridi kwa sababu hakuwahi kukumbuka kwamba imeletwa. Sura za watu zilimpotea, kalipa hazikumpotea. Niliporudi kutoka Goma, baada ya miezi minane, alinitazama kama anavyomtazama mtu anayeuza soksi.

"Ndiyo, unataka nini?"

"Mzee, ni mimi. Ile gari ya kijivu, pale kwenye ukuta."

"Aaah!" Uso wake wote ulifunguka. "Kushoto Nyuma!"

Ndiyo ilikuwa kalipa yangu mbaya zaidi, na tangu siku hiyo ndilo lilikuwa jina langu. Kushoto Nyuma, umekula? Kushoto Nyuma, wasingya, yaani asante, umeleta sukari. Nilitembea miji mingi nikiitwa kwa jina alilonipa baba yangu, na hakuna mahali nilipojisikia nyumbani kama pale nilipoitwa kwa jina la gurudumu.

Desturi yake kubwa, ile iliyomjulisha mpaka kwa madereva wa upande wa Kongo, ilikuja mwishoni mwa kazi. Hukupewa funguo zako bila kugusa. Fundi aliendesha gari mpaka Kisinga na kurudi, wewe ukiwa umekaa kando yake, na mkifika uwanjani alikuamuru: "Teremuka! Gusa!" Ulipaswa kuzunguka gurudumu moja baada ya jingine, mgongo wa mkono karibu na chuma, na kumwambia lipi lina joto kuliko mengine. La moto kupita kiasi limekamata. La baridi halifanyi kazi. Ukikosea, ulirudia. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, mtu mwenye tumbo na haraka, alikataa.

"Mimi si mupishi wa kuangalia sufuria."

"Sawa," Fundi akasema, akatia funguo mfukoni, akaenda kula.

Yule bwana alikaa kwenye kivuli cha ukuta mpaka saa tisa. Kisha alivua koti, akachuchumaa, akagusa. Alipofika la tatu akasema kwa mshangao wa kweli: "Lakini hii ni kama uji." Fundi alikubali kwa kichwa. Tangu siku hiyo yule bwana hakupeleka gari kwingine, na nasikia huwagusisha wageni wake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Bwera ina watu wengi walio kama mimi, wanaoondoka na kuacha gari. Wengine wanafanya kazi Kampala, wengine wanavuka kwenda Butembo kwa biashara. Wote waliyaacha magari kwenye uwanja wa Fundi, ambao ulikuwa umeinama kuelekea barabarani kama paa la nyumba. Sheria ya uwanja huo ilikuwa moja, naye aliirudia kama watu wengine wanavyorudia sala: "Gari ya kurudi leo, hendibreki. Gari ya kulala wiki, kabari." Alichonga kabari za mkaratusi kwa mkono wake, mbili kwa kila gari, akazigongomeza nyuma ya magurudumu, akaacha gari kwenye gia, na breki ya mkono ikiwa chini. Aliyevuta breki ya mkono kwenye gari la kulala alikuwa adui yake.

Funguo zote alizitunza mwanamke mmoja aliyekuja kutoka upande wa Beni wakati wa vita, bila mtu wa kumpokea. Fundi alimpa chumba nyuma ya stoo, na kazi ya kuosha magari na kuwasha injini kila Jumatatu ili betri zisife. Tulimwita Mama wa Funguo. Alikuwa Mkatoliki wa kweli, na rozari yake ilining'inia kwenye ubao wa funguo, katikati, kama vile nayo ilikuwa ya gari fulani. Fundi alimheshimu kwa namna yake, yaani alimfokea kidogo kuliko wengine. Siku ya kwanza alimwonyesha breki ya mkono ya gari mojawapo, akamwambia: "Hii chuma usiguse. Ikiwa juu, ikiwa chini, usiguse. Hiyo ni kazi ya fundi." Naye akaitikia, "Ndiyo, Papa," kama watu wa Kongo wanavyomwita baba.

Mara ya kwanza niliporudi nikakuta kalipa zimekamata, Fundi alilaumu uzee wa gari. Mara ya pili alilaumu mvua ya mlimani. Zote mbili yeye ndiye aliyeliwasha gari, akalitengeneza, nami nikalipa kama watu wote. Mara ya tatu nilikuwa nimetoka Juba, nimechoka, na dada yangu alikuwa akinisubiri Rukoki tumpeleke mtoto wake shuleni. Nilifungua mlango wa gari, nikakuta breki ya mkono imevutwa mpaka juu.

Ningeweza kumwita Fundi kando. Badala yake nilipaza sauti, na palikuwa na madereva watano au sita wakinywa chai.

"Mzee! Hii nani amevuta?"

Alikuja mbio, akaangalia, akabadilika rangi. "Hakuna mutu anavuta hapa. Mimi sivuti. Mimi naweza kukata mukono kwanza."

"Funguo zinakaa na nani?"

Hicho tu ndicho nilichosema. Lakini wote wakageuka kumtazama Mama wa Funguo, aliyekuwa ameshika ndoo.

"Hapana miye, Papa," akasema. "Ulinikataza, na miye sikamate ile chuma."

"Basi imepanda yenyewe?"

Alimtazama Fundi kwa muda mrefu, kama mtu anayengoja mwenzake amalize sentensi. Fundi hakumaliza chochote. Mama wa Funguo akatua ndoo, akaziangalia funguo zote ubaoni, akatoa rozari yake, akaingia stoo. Alipotoka alikuwa na kifurushi kichwani.

"Weka na funguo ya stoo," Fundi akamwambia, bila kumwangalia.

Aliiweka. Aliponipita alisema, "Ubakie muzuri," kwa adabu ambayo mpaka leo sijui kama ilikuwa adabu.

Dereva mmoja akacheka: "Afande, leo umefukuza sista."

Kilichonichanganya ni yaliyofuata. Niliondoka tena, mara hii kwenda Fort Portal. Funguo sasa alizitunza Fundi mwenyewe, shingoni, kwa kamba. Niliporudi, kalipa za nyuma zilikuwa zimekamata. Alikwisha kuzing'oa kabla sijafika. Nilizikuta kwenye beseni la dizeli.

"Mvua," akaniambia, macho yakiwa kwenye beseni.

Mtu anayekulisha, anayekupa jina, anayemgusisha tajiri magurudumu ya gari lake mwenyewe ili tu asife kwenye kona ya Kisinga, utamwambiaje kwamba labda analiharibu gari lako makusudi ili alitengeneze? Nilimwona Mama wa Funguo soko la Mpondwe, akiuza mawese kwa chupa. Nikapita upande wa pili, nikijifanya natafuta viatu. Nilifanya hivyo zaidi ya mara moja. Soko lile halina viatu vingi hivyo.

Mwaka huu nilipoondoka sikupeleka gari Bwera. Nililiacha Rukoki kwa dada yangu, breki ya mkono chini, matofali manne nyuma ya magurudumu. Nilikaa nje miezi mitano. Niliporudi niliwasha, nikatia gia, gari likaondoka kama limepakwa sabuni. Nilizima injini, nikakaa ndani ya gari uani kwa dada yangu kwa muda mrefu, mpaka akatoka kuniuliza kama naumwa.

"Siumwi," nikamwambia. "Breki ni nzima."

"Sasa ndiyo unalia?"

Sikuwa nalia. Nilikuwa nikihesabu miaka. Siku iliyofuata nilikwenda Bwera.

Fundi alikuwa amepungua mwili. Miwani yake ilifungwa kwa kamba ya kiatu, na alichuchumaa kwa awamu mbili. Lakini gari alilitambua lilipokata kona.

"Kushoto Nyuma! Imekamata?"

"Haijakamata, Mzee."

Alinitazama kama nimemtukana. "Ilikuwa wapi?"

"Rukoki. Miezi mitano."

"Rukoki ni kavu."

"Rukoki mvua inanyesha, Mzee. Mwaka huu imenyesha mpaka ndizi zimeanguka."

Alinyosha mkono kuomba funguo, nikaelewa kwamba tunakwenda Kisinga. Aliendesha yeye, kwa ule mwendo wake wa msafara, katikati ya njia, akiwapigia honi kuku na watu kwa usawa. Tuligeuza Kisinga tukarudi. Tulipofika mlangoni mwa uwanja alisimama, kwa kuwa kulikuwa na lori linatoka. Alizima injini. Alikuwa ananieleza habari za pedi mpya zinazokuja siku hizi, jinsi zilivyo ngumu kama sahani, na alipokuwa anasema hivyo nilisikia kando ya goti langu: krrk, krrk, krrk. Akafungua mlango, akatoka kumwelekeza dereva wa lori.

Niliangalia. Breki ya mkono ilikuwa juu.

"Mzee," nikamwita aliporudi. "Hendibreki iko juu."

"Shusha! Umevuta ya nini? Miaka yote nakufundisha."

"Si mimi."

Nilisikia sauti yangu ikisema maneno hayo, na nikamkumbuka mwingine aliyeyasema mahali pale pale, ndoo mkononi.

"Basi nani? Tuko wawili hapa."

"Mzee, ingia tena. Peleka gari mpaka kwenye ukuta. Simama, uzime, utoke."

"Unaniamuru?"

"Nakuomba."

Aliingia kwa hasira. Akasogeza gari hatua kumi, akasimama, akazima. Krrk. Mguu wake mmoja ulikuwa tayari nje.

"Usitoke. Angalia mkono wako."

Akauangalia. Bado ulikuwa umeshika ile breki, vidole vinne juu na kidole gumba kwenye kitufe, umetulia kama paka. Aliutazama kwa namna aliyotazama kifaa kilicholetwa na fundi mwingine. Alishusha, akawasha, akasogea, akasimama, akazima. Mkono ukavuta. Mara ya tatu aliuweka mkono chini ya paja lake, akaukalia. Akazima kwa mkono wa kulia. Akafungua mlango, na alipoinua mwili ili atoke, mkono ukatoka chini ya paja, ukavuta.

Alibaki hivyo, nusu ndani nusu nje.

"Jeshini," akasema mwishowe, "ukitoka ndani ya lori bila kuvuta, unabingirika kwa matope. Mbele ya wenzako. Mupaka nguo yako ijae udongo." Kisha: "Lakini hiyo ni zamani. Hiyo nimewacha zamani."

"Magari ya hapa uwanjani ni nani huyapanga, Mzee?"

"Ni mimi. Kila Jumamosi, zile zimeingia wiki hiyo. Nani mwingine anaweza?"

Alikaa tena kwenye kiti. Nilitaka kusema neno la kumsaidia, nikaona kwamba sijui nisaidie sehemu gani. Nilikuwa nimekuja na swali la mtu mwizi au mtu mwema, na jibu halikuwa mojawapo. Mtu huyu angeweza kukuambia kwa mgongo wa mkono kwamba pini ya kalipa ya Mkongomani fulani haikupakwa grisi tangu mwaka juzi. Mkono huo huo.

"Ile mama iko wapi?" akauliza.

"Mpondwe. Anauza mawese, karibu na wauza samaki."

"Unajua mahali?"

"Najua."

"Miaka yote unajua?"

Nilifunga mkanda. Akawasha gari.

Ilikuwa siku ya soko, na malori yalijipanga kuanzia mbali. Tuliacha gari kando ya njia. Alipozima, mkono ulivuta tena. Safari hii aliuona, akaushusha polepole, akatoka ameushika kwa mkono wa pili, kana kwamba ameumia. Tulipita katikati ya wachukuzi na magunia. Mama wa Funguo alikuwa nyuma ya meza yake, mapipa mawili madogo mbele, faneli kiunoni. Alituona kabla hatujafika, akacheka.

"Papa Afande! Na Papa wa gari ya kijivu. Leo jua litaanguka. Karibuni."

Fundi hakusalimia. Alisimama wima mbele ya meza, visigino vimegusana.

"Mama. Nimekuja kukuuliza kitu. Ile hendibreki ya magari, kule kwangu. Nani alikuwa anavuta?"

Mama wa Funguo aliacha kucheka, lakini si kwa huzuni. Aliacha kama mtu anayeingia kwenye mazungumzo ya siri. Akaangalia kushoto na kulia. Akaninyoshea mimi kidevu.

"Huyu anajua?"

"Anajua," Fundi akasema.

"Ah. Basi niseme. Si ni wewe, Papa? Kila Jumamosi, ukipanga. Miye naona kwa dirisha ya stoo. Jumatatu naingia kuwasha, naikuta juu, na ulinikataza kukamata, nawacha." Akainama mezani, akapunguza sauti zaidi. "Niliwaza ni biashara yako. Unazifunga, zinarudi kwako, unazifungua. Mutu anatafuta chakula namna anaweza. Wewe ulinipa chumba wakati sina hata mutu wa kuniambia jambo. Nikasema, kinywa yangu, funga. Siku ile mbele ya batu, ningeweza kusema. Sikusema. Nilikutunzia siri, Papa."

"Siri gani?" Fundi akauliza.

"Ya kuvuta."

"Mimi nilikuwa sijui."

"Hujui nini?"

"Kama navuta. Nimeona leo. Huyu amenionyesha. Mukono inavuta yenyewe, Mama. Mimi sikujua."

Mteja alikuwa ameweka chupa mezani. Mama wa Funguo aliitia faneli, akamimina kwa kata, macho yakiwa kwa Fundi, na mawese yakapanda shingo ya chupa, yakafurika, yakamtiririkia vidoleni mpaka mteja akapiga kelele. Akatua kata. Akampa mteja chupa yake bila kupokea kitu, akaanza kujifuta mikono kwa aproni, kidole kwa kidole.

Nilimngoja afurahi. Kwa kweli nilitaka afurahi. Tulikuwa tumemletea jina lake likiwa safi.

"Hata siku ile ulinifukuza," akasema, "hukujua?"

"Sikujua."

"Miye nimekaa hapa na hii mafuta, miaka yote hii, nikijisemea: nilipoteza kazi, nilipoteza chumba, lakini nililinda mukate ya Papa. Hiyo ilinisaidia kulala." Alimtazama Fundi, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikuona adabu usoni mwake. "Kama hakukuwa siri, sasa ninyi wawili mulinifukuza juu ya nini?"

Fundi alinigeukia ili nijibu. Nilikuwa tayari nimemgeukia yeye.